Maji ya Menega

Menega alimchukia Bwana Ashcombe kwa moyo wake wote, na padri alipomwambia amsamehe, aliacha kwenda kuungama. Alikuwa na sababu. Mumewe Tita, mpiga kasia wa mashua ya gondola, alizama Novemba kwa kuwa mchoraji huyo Mwingereza alimshikilia ampeleke maji makuu dhoruba ikivuma, apate kuona jua likipasua mawingu. Gondola ilipinduka. Mwingereza akaopolewa mzima, na neno lake la kwanza lilikuwa: "Michoro yangu iko wapi?"

Menega aliuza maji. Kila asubuhi, kengele ya kufunguliwa kisima ikishalia, alichota, akatia mzega wa ndoo begani na kuzunguka Venezia nyumba kwa nyumba. Mchoraji naye alitaka maji matamu ya kuchanganyia rangi. Majira yote ya kipupwe Menega alimpelekea, na hakuulizwa hata jina.

Asubuhi moja ya Machi alikipita kisima, akainama ngazini na kuchovya ndoo kwenye mfereji wa maji ya bahari.

"We Menega, una wazimu?" mwenzake Catina akamaka. "Si ni chumvi tupu hayo!"

"Nyamaza, shoga. Si anapenda maji ya Venezia? Basi na ayapate. Rangi zimharibikie mpaka alie."

Hazikuharibika. Chumvi ilikausha rangi kwa vidoa vyeupe, na mawimbi kwenye karatasi yakametameta kama ya kweli. Mji mzima ukasema hakuna aliyewahi kuichora nuru juu ya maji namna ile. Menega alilia kwa hasira siku mbili. Tita kaburini, na yeye kamtengenezea muuaji jina!

Tangu hapo akampelekea maji matamu, safi kabisa. Picha zikapooza. Wanunuzi wakaacha kuja. Mwezi Mei Mwingereza alishuka mwenyewe hadi kisimani, kofia mkononi, macho mekundu.

"Mama, yale maji ya Machi uliyachota kisima gani? Nimejaribu visima vyote. Nakusihi, bila yale maji mimi si kitu."

Menega alimtazama usoni kwa mara ya kwanza.

"Anayejua ni mume wangu."

"Yuko wapi nimwone?"

"Unamfahamu, bwana. Tita, mpiga kasia wako. Nenda kamuulize."

Menega akainua mzega wake na kwenda zake, maana Catina alikuwa anamngoja.