Trekta la Nyangamara Linalojichagulia Njia

Evaristo Nandonde anapachika kipande cha karatasi kinachofuka moshi kwenye kitundu kilicho juu ya injini ili dizeli ishike moto, anakaza kifuniko, kisha anasimama kidogo kuangalia trekta lake limeelekea wapi. Jua limeshapanda juu ya mikorosho ya Nyangamara, mkoani Lindi. Ndipo anashika mpini na kuzungusha gurudumu zito la ubavuni.

Injini inakohoa, inashika. Mlio wake ni wa pigo mojamoja, mzito, na ardhi inatetemeka chini ya miguu. Evaristo hapandi kitini. Anainama kutazama gurudumu linazunguka kuelekea upande gani.

"Leo linazunguka sawasawa," anasema, na kushusha pumzi.

Fundi huyu mwenye miaka hamsini na miwili anaishi kwa kutengeneza mashine za kukoboa na kusaga. Lakini tangu vijana wa huku waanzishe mashindano ya matrekta ya zamani, kila mwaka baada ya msimu wa korosho, moyo wake umehamia huko. Trekta hufungwa mnyororo kwenye kitanda cha magogo kilichopakiwa mifuko ya mchanga. Linaloburuta mbali zaidi ndilo mshindi, na mwenye nalo huondoka na mabati.

Kwa ajili ya siku hiyo, Evaristo alikwenda Lindi mjini kukereza silinda ipokee pistoni kubwa zaidi. Akalegeza pampu ili imwage dizeli nyingi, akachomelea vyuma mbele ili pua isinyanyuke mzigo unapokaza.

Trekta lenyewe alilichimbua. Lilikuwa limezama hadi kwenye ekseli katika shamba la mkonge lililoachwa na walowezi kabla ya uhuru, na mzizi wa mti umepita katikati ya usukani.

"Nilipofungua injini nikakuta oili laini kabisa, kama imemiminwa jana," anasema. "Hata mke wangu sikumwambia."

Siku ya kwanza kuliwasha nyumbani alitia gia ya kwanza, trekta likarudi nyuma. Lilikata ua na kuangusha jiko la udongo ambalo mkewe, Theresia, alikuwa ameliacha punde tu kwenda kufuata kuni.

"Nilirudi nikakuta sufuria ya ugali imekuwa bapa kama chapati," anasema Theresia. "Nikamwambia, Baba Imani, hiki kitu kinamtafuta mtu."

Fundi hakutishika. Injini ya silinda moja ya aina ile, ikiteleza wakati wa kuwashwa, huweza kuzunguka kinyume, na gia ya kwenda mbele ikawa ya kurudi nyuma. Mafundi wa zamani wanalijua hilo. Akaligeuza trekta, pua ikatazama shamba la mkonge, akawasha tena. Likaenda mbele vizuri. Akaligeuza tena kama mwanzo. Likawaka kinyume.

Alirudia mpaka mikono ikachubuka. Pua iwe huku au kule, trekta lilikwenda upande uleule, shambani lilikotolewa.

Habari zikaenea. Wenye mashine wakaanza kupeleka kazi zao kwa mafundi wengine. Mashindano yalipokaribia, waandaaji walimwambia wazi kwamba hakuna atakayekubali kusimama jirani na trekta lile.

"Nikasema basi, tulifuate tuone linataka nini."

Aliliwasha, akatia gia ya polepole, akashuka na kutembea kando yake. Lilipita kwenye mihogo, likaingia katikati ya mikonge, usukani ukijizungusha wenyewe kila tairi lilipopiga kisiki. Ukingoni mwa korongo likazimika. Dizeli ilikuwamo tele. Evaristo anakumbuka kwamba hapakuwa na ndege aliyelia, ingawa ilikuwa mchana.

Karibu na hapo anaishi Bibi Zakia Nampoto, Mmwera aliyevuka miaka themanini. Alikuwa ameshasimama nje, kana kwamba anangoja mgeni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nimelisikia tangu kule kwenu. Mlio huo naujua."

Pale ukingoni, alimweleza, ndipo palipokuwa makaburi ya ukoo wake. Alipokuwa mtoto mdogo, walowezi wakipanua shamba, trekta lenye mlio huohuo lilifungwa mnyororo, likang'oa mawe ya makaburi na kuyasukumia korongoni. Mama yake alikuwa amezikwa hapo muda si mrefu kabla ya siku hiyo.

"Tulikatazwa kulia karibu na kazi yao," Bibi Zakia aliliambia gazeti hili. "Tukalilia ndani. Mpaka leo sijui mama yangu amelala wapi hasa."

Siku ya mashindano, watu wakishangilia uwanjani, Evaristo alikuwa korongoni. Nguvu yote aliyoitia kwenye injini kwa ajili ya mabati aliitumia kupandisha mawe yale kutoka matopeni. Wajukuu wa Bibi Zakia walifyeka, sheikh wa kijiji akasoma dua. Kati ya mawe walikuta vipande vya sahani ambazo zamani ziliwekwa juu ya makaburi, na bakuli moja zima. Bibi Zakia alilitazama bakuli lile, akalifunika kwa khanga yake, akaondoka nalo.

Lipo jambo Evaristo hulisimulia kwa sauti ya chini. Jiwe la mwisho lilikuwa kubwa, mnyororo ukaanza kuachia, naye akakata dizeli haraka kuwaokoa waliokuwa chini. Injini haikuzima. Iliendelea kupiga mpaka jiwe likafika juu, ndipo ikanyamaza.

"Wenzangu wanasema ilikuwa inaunguza oili yake yenyewe. Huwa inatokea. Lakini niliipima ile oili. Haikupungua."

Baada ya hapo trekta liliwaka vizuri kokote lilikoelekezwa, na wateja wakarudi mmojammoja. Mwezi uliopita tu, liliwaka kinyume tena. Evaristo akaligeuza huku na kule kama zamani. Sasa linavuta kuelekea mashariki, upande wa pwani.

Alikwenda kumuuliza Bibi Zakia. Yule bibi akasema, "Mashamba yale yalikuwa mengi, mwanangu. Sisi hatukuwa peke yetu."

Mwakani Evaristo anataka kuingia uwanjani, na anataka kushinda. Kabla ya hapo ana safari.

"Ufuta ukishavunwa nitajaza tangi nilifuate," anasema, akifuta mikono kwa tambara. "Nimemwomba sheikh akae tayari, na padri pia. Maana hao waliolala huko, sijui ni wa dini gani."