Mama Mkwe Alipoingia Chumbani

Niliporudi Kwaluguru kutoka Korogwe, nikiwa nimefanyiwa upasuaji wa kidole tumbo kilichopasuka, mke wangu aliniuguza siku nne. Siku ya tano akaitwa Tanga kusimamia mitihani. Ni mwalimu kama mimi, na ruhusa yake ilikuwa imekwisha. Aliyeshuka kutoka Kwashemshi kuja kuniangalia alikuwa mama yake.

Tangu nioe sikuwahi kula mbele ya mama mkwe, wala kukaa naye mkeka mmoja. Sasa alinipikia uji, akauweka kwenye kigoda nje ya chumba changu, akagonga mara moja, akaondoka. Mazungumzo yetu yote yalipitia mlangoni.

"Mkwe, umeamkaje?"

"Salama, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Na tumbo?"

"Linaendelea vizuri."

Haikuwa kweli. Nilikuwa naogopa kila kitu. Nikikohoa nilikumbatia mto, nikidhani nyuzi zitafumuka na matumbo yamwagike kitandani. Chafya ikinijia, jasho linanitoka kabla sijaipiga. Asubuhi ya siku ya saba niliamka shati limegandia kwenye bendeji. Nilipolibandua nikaona doa la manjano, upana wa kiganja, linanuka.

Nimwambie nani? Mke wangu angeacha mitihani. Na mama mkwe ningemwanzaje, wakati mshono wenyewe ulikuwa chini ya kitovu? Nikavaa shati jingine. Lile chafu nikalisuuza kwenye beseni, nimeegemea ukuta, nikalianika dirishani. Nikajiambia ni jasho tu. Mchana, jua likiwaka, nikaanza kutetemeka mpaka meno yanagongana.

"Mkwe," akaita kutoka nje. "Hili shati kalifua nani?"

"Mimi, mama."

"Unafua wewe, na mimi nipo?"

Nikavuta shuka mpaka kidevuni.

"Nimelinusa. Hiyo ni harufu ya kidonda." Akagonga mara moja. "Naingia. Jifunike kote, acha hapo panapouma tu."

Aliingia kajitanda khanga mpaka kwenye nyusi. Niligeuzia uso ukutani. Sijapata kuona aibu kama ile, lakini hofu ilikuwa kubwa kuliko aibu. Hakunigusa. Alitazama, akavuta pumzi, akatoka mbio, na nikamsikia akimwita jirani mwenye gari.

Njia nzima hadi Korogwe alikaa kiti cha mbele bila kugeuka nyuma. Kwenye kila shimo la barabara nilibana tumbo kwa mikono miwili. Hospitalini nesi alikata nyuzi tatu, usaha ukatoka mwingi.

"Mngengoja mpaka kesho kutwa..." daktari alisema, akaishia hapo.

Maneno hayo niliyamalizia mwenyewe, kila asubuhi kwa wiki tatu, nikienda zahanati kusafishwa kidonda. Walikiacha wazi kizibe kutokea ndani. Nilikuwa nafumba macho nesi akifungua bendeji, namuuliza, "Kimepungua?" kabla hajakitazama.

Mke wangu aliporudi, alimuuliza mama yake kwa sauti ya chini kama kweli aliingia chumbani.

"Niliingia kwa mgonjwa," mama mkwe akajibu, akaendelea kuchambua mchele.

Kidonda kilifunga. Nimerudi darasani, nabeba hata ndoo ya maji. Ila nikipata homa, hata ndogo ya mafua, nafungua vifungo vya shati na kujichungulia tumbo mara tatu, mara nne kwa siku.