Pombe ya Matunda ya Miiba

Nilizaliwa Itebero, ndani ya msitu, na baba yangu alikuwa mrina asali. Nilipoolewa Masisi sikubeba vitu vingi: mkeka, sufuria, na kibuyu cha asali ambacho baba alikiziba mdomo kwa nta. Mume wangu tulijuana wakati wa vita ya Wazungu, alipoletwa kwetu na vijana wengine wa milimani kutengeneza barabara. Vita ilipoisha alirudi kuniomba kwa wazazi. Mbuzi wakatolewa, catekista wa Kanisa akatufungisha ndoa, nikapanda naye kwenda kwao.

Masisi baridi ilinishangaza. Sikuwahi kuona watu wakiamka na kuota moto kabla ya kusalimiana. Mume wangu alichunga ng'ombe wa mzungu aliyekuwa amechukua kilima chote cha upande wa pili, na sisi tulikaa chini ya kilima hicho pamoja na mama yake, mjane, mwanamke mrefu asiyecheka ovyo. Mzungu alikuwa amezungushia zizi la ndama mmea wa miiba alioutoa sijui wapi. Haukuwa na majani wala matawi, ni vipande vipana tu, kama viganja vimeota juu ya viganja vingine, na kwenye ncha zake vikatoka vitunda vyekundu. Watu walisema ni sumu. Mimi niliona ndege wakivila na hawafi, nikavunja kimoja nikakionja.

Mama mkwe aliponiona midomo imekuwa myekundu alishika kichwa. "Ukikufa, tutasema nini kwenu?"

Sikufa. Siku zilizofuata nilichuma zaidi, kwa koleo ya mwanzi uliopasuliwa, kwa maana miiba ile midogo hata huioni, unaisikia tu baadaye kwenye vidole, na unaweza kukaa nayo juma zima. Nilivisugua vitunda kwenye nyasi zenye umande, nikavibingirisha katika majivu ya moto, nikavipasua. Kisha nikafanya kama baba alivyofanya na asali kule kwetu. Nilikamua maji yake kwa majani makavu, kama wanavyokamua ndizi, nikayachuja, nikatia asali na maji ya mto, nikanyunyiza unga wa bulo, yaani ulezi, uliokaangwa, nikafunika chungu kwa majani ya ndizi na kukiweka karibu na moto. Pombe ile inachemka yenyewe bila kupikwa. Ukiweka sikio unaisikia inanong'ona. Ilipotulia, mume wangu alijaza kikombe, akanywa, akanitazama.

"Njo hii munakunywaka kule mu pori?"

"Kule hakuna miiba," nilimwambia. "Hii iko ya huku na ya kule."

Alicheka. Nakumbuka alivyocheka kwa sababu sikupata miaka mingi ya kumsikia.

Binti yetu alikuwa ameanza kusimama akishika ukuta pale mvua zilipokataa kukatika. Asubuhi moja ng'ombe wawili waliteleza na kuingia bondeni, na kapita, msimamizi wa kazi za mzungu, akamtuma mume wangu kuwatoa. Kilima kikaporomoka. Sisi nyumbani tulisikia mlio kama wa gari kubwa, na nilipotoka nje, shamba letu la ndizi halikuwepo. Kulikuwa na udongo mwekundu tu, unaotiririka polepole hadi mtoni.

Wanaume walikimbia na majembe. Kapita aliamuru waanze na ng'ombe, kwa sababu nyama ilikuwa bado inafaa. Mume wangu alifukuliwa jua likiwa linazama. Walimleta juu ya machela ya mianzi, kinywa kimejaa udongo. Mama mkwe ndiye aliyeutoa, kwa kidole, kidogo kidogo, kama anavyosafishwa mtoto aliyezaliwa sasa hivi. Hakulia. Mimi nililia mpaka sauti ikaisha.

Nilinyolewa, nikalala chini juu ya majani, sikumsalimia mtu wala kwenda sokoni. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya matanga, na sikuona ubaya wake, kwani hata bila desturi nisingeweza kusimama. Ubaya ulikuja baadaye, wazee wa ukoo walipokaa uani kupanga mwisho wa matanga. Mwisho ulikuwa na pombe. Inamwagwa kidogo kaburini, watu wanakunywa, mjane anaogeshwa, kisha anapewa ndugu wa marehemu.

Ndugu huyo nilimjua. Alikuwa mdogo wa mume wangu, mwenye nguvu, asiyependa kuulizwa. Mke wake alikuja kunisaidia kuchota maji wakati wa matanga, na alichota kwa mkono mmoja. Ule mwingine mumewe aliuvunja, ukaunga vibaya, ukabaki umepinda.  Alinitazama tu, kama anayemtazama mtu anayeingia mtoni mahali yeye mwenyewe alipowahi kusombwa.

Wazee walisema ndizi zimekwenda na kilima, basi pombe itatoka wapi? Shemeji akajibu haraka.

"Bibi ya kaka yangu anajua ile pombe ya miiba. Aitengeneze."

Wote wakageuka kunitazama. Hivyo nikaagizwa kutengeneza kwa mikono yangu pombe ya kunitoa nipewe yeye. Catekista, aliyekuwa amekaa nao, alisema Kanisa halipendi mambo ya kurithi wajane. Kisha akauliza pombe itakuwa tayari lini, asije akawa safarini.

Tulikwenda kuchuma na mama mkwe mchana kweupe. Kapita alitukuta kwenye uzio wa lupango, lile shamba la mzungu. "Miti hii iko ya Muzungu, na matunda yake vilevile," alisema.

Mama mkwe hakuacha kuchuma. "Mutoto wangu alikufa mu kazi ya mwenye lupango hii," alisema. "Ulianza kufukula ng'ombe. Sasa unakuja kuhesabu matunda?"

Kapita alitazama pembeni, akaenda zake.

Nilikamua, nikachuja, nikatia asali ya mwisho ambayo baba alinitumia mtoto alipozaliwa. Nikafunika chungu. Lakini tangu usiku wa kwanza sikukiweka karibu na moto. Nilikisukuma hadi kwenye ukuta wa nyuma, pale upepo unapopenya, kwa sababu baba alinifundisha kwamba pombe ya asali ikiona baridi inalala. Siku hizohizo alipita mwanaume mmoja muuza chumvi aliyekuwa akishuka Walikale na kuendelea hadi Hombo. Nilimsihi apitie Itebero amwambie baba kwamba mume wangu amekufa, na kwamba nikiachwa huku nitapewa mtu atakayenivunja. Aliitikia kwa kichwa. Sikujua kama atakumbuka.

Siku zikapita. Shemeji alikuja kuuliza. "Pombe iko aje?"

"Bado," nilisema. "Asali inachelewaka."

Alikuja tena. Mara ya tatu aliingia mwenyewe, akafunua majani, akachungulia. Hakuijua pombe ile, kwa hiyo alifunika na kuondoka, lakini akitoka alinishika bega kwa nguvu.

Siku iliyofuata mama mkwe aligusa chungu kwa kiganja. Nilikuwa napembua maharagi, nikaacha.

"Chungu iko baridi," alisema. "Nani aliiondosha kwa moto?"

"Ni mimi, Mama."

"Juu ya nini ulifanya vile?"

Niliona uongo hautanisaidia. "Sipendi iive."

Alikaa juu ya kigoda. Nikadhani atawaita wazee. Kisha akazungumza bila kunitazama. "Bwana wangu wa kwanza alipokufa, walinipa kwa ndugu yake. Hakuna muntu aliniuliza. Huyu unayemuogopa, njo mutoto wa huyo ndugu. Mimi njo nilimuzaa, na ninamujua. Iko sawasawa na baba yake."

Nilipiga magoti mbele yake.

"Baridi haitoshi," alisema. "Siku moja itaiva tu. Ondoa majani. Acha vidudu viingie."

Kila anayetengeneza pombe anavijua vile vinzi vidogo vinavyopenda matunda yaliyooza. Ukiviacha viingie, pombe inageuka kuwa kali kama ndimu, na hakuna dawa ya kuirudisha. Baba angeniadhibu kwa hilo. Tuliacha chungu wazi, na kila asubuhi mama mkwe alichovya kidole, akaonja, akatikisa kichwa, mpaka siku moja akaonja na kufumba macho.

"Waite," alisema.

Siku wazee walipokusanyika, kaka yangu alifika. Muuza chumvi alikuwa amekumbuka. Kaka alisimama mlangoni na fimbo yake, miguu imejaa matope ya njia yote, akauliza ni wapi anaweza kukaa. Nilitaka kumuuliza kwa nini baba hakuja mwenyewe, lakini aliniashiria ninyamaze.

Pombe ikatolewa. Ilikuwa bado nyekundu, nzuri ya kutazamwa. Baba mkubwa wa ukoo, ndiye mkuu wao, alimwaga kidogo kaburini, akanywa, akatema.

"Hii njo nini? Iko pombe ao dawa?"

Kikombe kikazunguka, kila mmoja akakunja uso. Catekista alikinusa tu. Ndipo mama mkwe akasimama katikati yao.

"Mutoto wangu aliyekufa anakatala," alisema. "Mumeona wenyewe. Anaharibisha pombe yake mu kaburi. Hapendi bibi yake abakie huku."

Shemeji aliruka, akakipiga chungu teke, kikapasuka. "Ni yeye aliiharibisha! Huyu muke wa pori!" Alinijia, kaka yangu akaweka fimbo kati yetu, na wazee wakapiga kelele. Lakini walikuwa wamekwisha kuogopa. Walinong'onezana kwa muda, kisha baba mkubwa akatoa neno: nirudi kwetu. Mbuzi wa mahari hawatadaiwa. Ila mtoto abaki.

Nilimtazama mama mkwe. Nilidhani atasema tena.

"Mutoto iko wa huku," alisema, na sauti yake ilikuwa ya chini kabisa. "Weye nimeweza kukutoa huku. Yeye siwezi. Nitamulea mimi."

Tuliondoka asubuhi. Binti yangu alikuwa amefungwa mgongoni mwa bibi yake, amelala, shavu limebanwa kwenye kitenge. Sikumwamsha. Tulipofika mahali milima inapokwisha na msitu kuanza, kaka aliniambia kwamba baba alianguka kutoka kwenye mti wa asali mvua zilipoanza, na kwamba alizikwa palepale chini ya mti, kwa kuwa hakubebeka. Niliketi njiani. Kaka hakunihimiza. Tuliendelea jua lilipokuwa limeinama.

Itebero nililima, niliolewa tena na mwanamume mpole aliyekuwa na watoto wake, na sikuzaa mwingine. Niliulizia habari za Masisi kwa kila mpitaji. Wengi hawakujua kitu. Miaka ilipita, ndipo nikaambiwa kwamba mama mkwe amekufa, nikaomba ruhusa, nikapanda.

Nilifika kilio kimekwisha. Shemeji alikuwa amekwenda kutafuta kazi mjini. Mke wake, yule wa mkono uliopinda, alinipokea, akanishika muda mrefu, akaniambia marehemu alimlea mtoto vizuri mpaka mwisho. Kisha akaita, na msichana mkubwa akatoka jikoni akiwa amebeba sahani ya maharagi na kikombe cha maziwa. Alikuwa na paji la uso la baba yake.

"Karibu ukule, Mama," alisema, kama anavyomwambia mwanamke yeyote.

"Unanijua?" nilimuuliza.

Alinitazama vizuri, kwa adabu. "Hapana. Mumetoka mbali?"

"Itebero."

"Bibi yangu alisemaka mama yangu alitoka upande ule," alisema. "Alirudi kwabo nikiwa mudogo."

Mke wa shemeji alikuwa ameinamisha kichwa. Nilitaka kusema, na maneno yalikuwepo, lakini aliwageukia wadogo zake, watoto wa shemeji, waliokuwa wakimvuta nguo, akawakemea kidogo, akawapangusa pua, na mmoja akamuita mke wa shemeji aje, mama yao ambaye sasa alikuwa mama yake pia. Nikaona ana nyumba. Hata hivyo nilimwambia mimi ni mama yake. Nilimwambia kwa sauti ndogo.

 Kisha akaokota kikombe, kwa kuwa nilikuwa sijakigusa, akakiweka karibu yangu zaidi.

"Mukunywe," alisema. "Maziwa itapoa."

Nilikunywa. Usiku ule tulilala chumba kimoja, naye hakuuliza kitu. Asubuhi alinisindikiza hadi kwenye barabara, akanipa maharagi ndani ya kikapu, akarudi shambani kabla jua halijakuwa kali.