Hasira Isiyo ya Jini

Walimkalisha Maka mkekani katikati ya chumba, wakamfunika shuka kichwani, wakafukiza ubani. Tangu alipomfokea mumewe Bishar mbele ya wanaume kwenye soko la mifugo, mtaa mzima wa Iftin ulikuwa umekubaliana: yule si Maka, ni jini.

Bishar alikuwa ameuza mbuzi ambao Maka aliwarithi kwa babake, wale wa kule kwao Griftu, na kwa pesa zile akaoa mke wa pili. Hilo halikuitwa wazimu.

"Kubali tu, abaayo, dada yangu," wifi yake Ugbad alimnong'oneza, akijifanya kumtengeneza shuka. "Jini akitukana, hapewi talaka. Tetemeka kidogo, lia, kesho uko jikoni kwako."

Maka alishawishika. Nyumba ile ndiyo aliyozalia wanawe wote, na kwao hakubaki wa kumpokea. Akajipekua moyoni kama mtu anayetafuta mgeni aliyejificha ndani ya nyumba. Huenda kweli yumo. Siku ile sokoni sauti ilimtoka nzito, hata yeye mwenyewe akaishangaa. Lakini kila alipopapasa alijikuta ni yeye tu: Maka aliyenyamaza alipoitwa mjinga asiyejua kusoma, aliyenyamaza mbuzi walipopakiwa kwenye lori. Hasira ilikuwa yake. Kila kitu kingine Bishar alishakiuza, na sasa hii nayo wanataka kumpa jini!

Sheikh Nuh, aliyeitwa kumtoa jini, alimaliza kusoma aya zake, akamwinamia. "Wewe uliye ndani ya mwanamke huyu, jina lako nani? Umetoka wapi?"

Ugbad akamfinya.

Maka akavua shuka. "Mimi ni Maka, binti Keinan, wa Kulow, wa Awil..." Akapanda ukoo wake baba kwa baba, kama alivyofunzwa utotoni malishoni, bila kukwama.

"Ya Allah! Jini huyu amesomea wapi?" Ugbad akaropoka. Mtu mlangoni akacheka.

Bishar, aliyekuwa ameketi ukutani na wanaume wengine, akainuka. "Basi ulinitukana kwa akili zako?"

"Zangu, timamu. Na kama sokoni hukunisikia, nakurudia: uliuza mbuzi wa marehemu babangu ukaoa. Talaka ukitaka, toa, mashahidi hawa hapa. Lakini utamwacha Maka, si jini. Na Maka anataka mbuzi wake."

Sheikh Nuh akamgeukia Bishar. "Ulimuomba ruhusa ya kuwauza?"

Bishar akakohoa, akasema moshi umezidi. Hakuna aliyeinuka kumfungulia dirisha.