Misalaba ya Sista Nora

Sisi tuliosomeshwa na masista wa Ireland kule Kinangop, Kenya, hatukuhitaji kalenda kutukumbusha tarehe mosi Februari. Ilikuwa sikukuu ya Mtakatifu Brigida wao, na alfajiri tulikuwa tumeshazama hadi magotini kwenye kinamasi tukikata mafunjo, sketi zimelowa, meno yanagongana. Nani angelalamika? Watoto wa leo, treni ikichelewa dakika mbili wanataka kulia.

Tulisuka misalaba ya kutundika mlangoni, Sista Nora akipita katikati yetu na Kiswahili chake cha puani: "Kunja, kaza, geuza!" Mchana alitupikia viazi vya kuponda na kabichi na siagi, akatangaza kwa fahari kwamba ni chakula cha kwao. Mama zetu wakaonja, wakatazamana. "Huu ni mukimo wetu wa viazi, ila umesahau mahindi," mama yangu alisema. Lakini Sista alipokamata kodiani, wazazi walisimama wakacheza mwomboko, ngoma ya kwetu, wala hakuna aliyejali muziki ule ni wa nani.

Mwaka huu Waairishi wa parokia yetu hapa Stockholm walitualika ukumbini, mtaa wa Farsta. Fidla ilikuwepo, viazi vilikuwepo, mafunjo yalikuwepo. Bibi aliyewasukia misalaba miaka yote ndiye hakuwepo, alikuwa amefariki, na waliobaki walikuwa wakibishana juu ya video ya kusuka kwenye simu. Nikasimama. Binti yangu Wanjiku, wa miaka kumi na minne, akanivuta mkono. "Mamma, snälla, sätt dig!" Mama, tafadhali, kaa chini! Aliona aibu, Mkenya kwenda kuwafundisha Waairishi mambo ya kwao. Iliniuma. Mtoto huyu hajawahi kutamani chochote cha utoto wangu, na nikimsemesha Kiswahili hunijibu kwa Kiswidi.

Nikasuka hivyo hivyo. Miaka arobaini imepita, lakini vidole havikuuliza njia, na bila kujua nilikuwa nikiimba kwa sauti ileile ya puani: kunja, kaza, geuza. Wazee wakavuta viti karibu. Wanjiku naye nikamsukumia mafunjo yake.

Siku hizi mafunjo yananunuliwa dukani yamefungwa utepe. Kinamasi chetu kimelimwa kabichi, na Sista Nora amezikwa hapo kando. Nilikuwa nikiyawaza hayo, nikamsikia mzee mmoja wa Kiairishi akimuuliza binti yangu sasa afanyeje. Wanjiku hakuinua hata kichwa kutoka kwenye msalaba aliokuwa akiusuka.

"Kunja," akamwambia, kwa sauti ya puani kabisa. "Kaza. Geuza!"