Chembe cha Moyo cha Skolastika

"Tumbo haliniumi, na sitamwambia sista kwamba haliniumi!"

"Mama Recho, dawa ya tumbo utaimezaje bila ugonjwa wa tumbo?"

"Tumbo si ninalo? Hili hapa. Limekosa ugonjwa tu."

Hao ni mwanangu Elikana na mkewe Skolastika, wako jikoni kwangu Kibirizi, wanagombana huku wanakula sahani moja. Sista Aikande wa zahanati alikuwa ametuma salamu kwamba asubuhi hiyo atapita kumtazama mgonjwa wake. Hapo ndipo moto ulipowaka.

Mkamwana wangu huyu ni mtoto wa kijiji cha Simbo, na zamani alikuwa na mbio. Akianza kuanua dagaa, mvua ilisimama juu ya ziwa kumsubiri amalize. Nimeiona mwenyewe, imesimama imekunja mikono. Halafu ukaja ule mwaka wa watu kuvuka kutoka Kongo wakikimbia vita, mashua zinateremsha watu mchangani kutwa kucha, naye akawa anawapikia uji kwenye pipa. Homa ikapita hapo. Wengine iliwaachia, yeye ikamwachia uchovu. Na uchovu gani! Nzi akimtua puani, alimwomba tafadhali aondoke mwenyewe. Kuku wangu alitaga kwenye nywele zake, akaatamia, vifaranga wakatoka, yeye hajageuka upande.

Majirani wakasema mvivu. Mimi mama mkwe, ambaye ningepaswa kulisema hilo wa kwanza, sikupata nafasi. Mwanangu aliwatimua kwa kafi. Akawa anamwogesha mkewe, anamlisha, mpaka nywele akamsuka. Alimsuka vibaya, mtoto wa watu akafanana na aliyepigwa radi, lakini alitulia akasukwa.

Siku moja akampakia kwenye baiskeli mpaka zahanati. Sista Aikande katokea Machame, na Kiswahili chake kimenyooka. Huyu wetu kichwa kimejaa Kiha, akatafuta neno la kuonyesha uchovu umefika ndani kabisa, akasema, "Sista, nimechoka mpaka chembe cha moyo."

Alivyodhani yeye, hicho ni kile kipande cha mwisho cha moyo, kikichoka hicho mtu kaisha. Kwa sista, chembe cha moyo ni hapa chini ya kifua, panapowachoma wenye vidonda vya tumbo.

"Chembe kinakusumbua sana?"

"Sana, Sista."

Akapewa vidonge vya kupunguza tindikali tumboni. Vinaitwa simetidini, jina refu kuliko kidonge chenyewe.

Basi, siku zikaenda, nikamkuta anaosha vyombo. Nikadhani naota. Kisha akafua. Juzi mawingu yalipofunga upande wa Kongo, nikasikia mbio nje. Skolastika anaanua dagaa! Aliketi njiani akapumua, akaketi tena, lakini alimaliza kabla ya tone la kwanza. Elikana akatokwa machozi, akasingizia moshi. Na mimi jiko sikuwa nimeliwasha.

Ndiyo maana wanagombana.

"Nikisema ukweli atavichukua," Skolastika akasema. "Nitarudi kitandani."

"Na kama vinakudhuru ndani? Vilitolewa kwa ugonjwa ambao huna. Pengine si vidonge, pengine homa ndiyo imekuachia yenyewe. Sista atajuaje kama tunamficha?"

"Kama vinanidhuru, vinidhuru nimesimama."

Nikatia mdomo wangu. "Mwambieni tumbo linalouma ni langu, anaumwa kwa niaba yangu. Mkwe mwema hufanya hivyo."

"Mama, shikamoo," mwanangu akasema. Tulikwisha kuamkiana alfajiri. Hiyo shikamoo ilikuwa ya kuninyamazisha.

Halafu akashusha sauti. "Ukilala tena nitakuogesha. Nitakusuka. Mimi nimezoea."

"Mimi sijazoea." Skolastika akasukuma sahani. "Unadhani nilikuwa nalala? Nilikuwa nawasikia. Nilikusikia unamwambia Recho kwamba mama atapona. Nilitaka kumwitikia mwanangu, sauti ikawa nzito, sikuweza kuinyanyua."

Elikana akaivuta sahani, akammegea tonge.

"Haya, tutasema," Skolastika akasema mwishowe. "Lakini anza wewe. Nikianza mimi nitamdanganya tena."

"Nitaanza."

"Na umwombe asivichukue kwanza. Anipime, aniulize anachotaka, nitamjibu kweli tupu. Ila umwambie, 'Mke wangu alikuwa...'"

"Hodi humu!"

Sista Aikande akainama mlangoni, viatu vimejaa mchanga. Maneno yakakatikia hapo hapo. Elikana akamshika mkewe mkono mbele ya mgeni, jambo ambalo marehemu baba yake hakulithubutu hata gizani.