Miguu ya Kuazima

Nilifundisha michezo katika shule ya msingi hapa Nyololo, na kwa muda niliokaa, nusu ya watu wazima wa mji huu niliwahi kuwakimbiza uwanjani. Aliyetembea badala ya kukimbia nilimuuliza swali moja tu: "Miguu hiyo umeazima?" Swali hilo lilinikaa mdomoni hata nilipostaafu. Nikimkuta mtu mzima na afya zake anapanda bodaboda kwenda mtaa wa pili, nilikuwa namuuliza. Watu walikuwa wanacheka, lakini wapo walioshuka wakatembea.

Basi goti langu la kulia lilipokufa, sikumwambia mtu. Daktari kule Iringa aliniambia limesagika, nisithubutu tena kupanda na kushuka vilima kwa miguu. Shamba langu la viazi liko bondeni, kanisa liko mlimani. Mume wangu alishatangulia, naishi peke yangu, na viazi havichimbwi kwa simu. Nililikasirikia lile goti kama ndugu aliyeniaibisha ukweni.

Siku hizohizo kambi moja ya wageni njia ya Iringa ilikuwa inafungwa, ikawa inauza pikipiki zake za magurudumu manne, zile ambazo wageni walizungukia porini kujifurahisha. Nikachukua moja. Hapa kwetu tunaiita chura, kwa jinsi ilivyochuchumaa. Nikaanza kwenda nayo shambani, sokoni, kanisani. Wakiniuliza, nawajibu, "Nimestaafu jamani, nakula starehe zangu." Nilisema kwa madaha mpaka nikakaribia kuamini mwenyewe. Kazi ilikuwa kupanda. Lazima niushike mguu kwa mikono miwili niuvushe juu ya kiti, na hilo sikutaka mtu alione. Kwa hiyo baada ya ibada nilikuwa najifanya nakagua maua ya kanisa, mmoja baada ya mwingine, mpaka watu waishe.

Tungeendelea hivyo, mimi na chura wangu, kama si watoto wa wafanyabiashara wa mbao. Mwaka jana walileta chura wao watatu. Siku za gulio wakawa wanashindana katikati ya watu, wanakatiza barabara kuu mbele ya malori yaliyobeba makontena. Jumamosi moja mmoja wao akaipitia meza ya mama muuza nyanya. Yule mama aliruka akapona, nyanya zikawa rojo. Nilikuwepo. Ningekuwa na goti ningemkimbiza yule kijana hadi Mafinga.

Wiki iliyofuata serikali ya kijiji ikabandika tangazo la mkutano utakaofanyika uwanja wa shule: kuzuia vyombo vya starehe vya magurudumu manne katika barabara za mji. Nililisoma lile neno starehe mara mbili. Lilikuwa neno langu mwenyewe, nimelitangaza kwa kila mtu. Nikikaa kimya, chura anafungiwa, na bila chura hakuna shamba. Binti yangu wa Mbeya alishaniandalia chumba, na televisheni ndani. Ni mtoto mwema, lakini kwake hakuna hata tuta moja la kupanda kiazi, na mimi kukaa kwenye kochi nikitazama watu wengine wakiishi, hapana. Au nisimame mbele ya watu, tena uwanjani kwangu, niseme kwamba mwalimu wa mbio hawezi kutembea.

Nilifika uwanja wa shule mapema kabla ya wote, ili nishuke bila kuonekana. Mtendaji wa kijiji aliyeendesha mkutano nilimfundisha. Alikuwa wa mwisho katika kila mbio, miaka yote saba, na sidhani kama kuna mtoto niliyemuuliza lile swali mara nyingi kuliko yeye. Sasa ana kitambi na faili. Akasoma kwamba chombo cha starehe hakitapita mitaani wala kuvuka barabara kuu, kitabebwa juu ya gari hadi huko porini kinakokwenda kuchezewa. Watu wakapiga makofi. Mama muuza nyanya alipiga kuliko wote, na mimi nikapiga, maana alikuwa na haki yake.

Akageuza ukurasa. "Isipokuwa," akasoma taratibu, "chombo kinachotumika badala ya miguu. Hicho kitapewa kibali, kitakwenda kwa mwendo wa mtu anayetembea, na kitavukia kwenye kivuko cha waenda kwa miguu tu." Akainua kichwa, akauliza kama kuna mwenye chombo cha aina hiyo.

Watu wote wale, mmoja anatazama viatu vyake, mwingine milingoti ya goli, mwingine mawingu, hakuna hata mmoja aliyenitazama mimi. Pale sikuelewa kwa nini.

Nikashika bega la aliyekaa karibu nami, nikasimama. "Goti langu limekufa," nikasema. "Hakuna starehe yoyote. Nilikuwa nawadanganya."

Nilingoja wacheke. Mama muuza nyanya akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Pole, mwalimu. Kaa basi, usilichoshe." Nikakaa. Nilisikia nafuu ya mtu aliyevua kiatu kilichombana safari nzima, nikatamani kulia, nikajikaza.

Mkutano ulipokwisha mtendaji akaja na karatasi. Kilikuwa ni kibali, kimeshachapwa, na jina langu limo, kinangoja muhuri tu.

"Nani alikwambia?" nikamuuliza.

Akajikuna kisogo, kama zamani nikimuuliza kwa nini amechelewa. "Hakuna aliyeniambia, mwalimu. Ila tangu umpate huyu chura hujamuuliza mtu hata mmoja kama miguu ameazima. Tukajua kuna jambo."

Watu walikuwa bado wamejaa uwanjani. Sikungoja waishe. Nikaushika mguu wangu kwa mikono miwili, nikauvusha juu ya kiti mbele ya macho yao, nikakaa.

Mtendaji akamwita bodaboda aliyekuwa getini. "Ngoja nikusindikize mpaka kivukoni, mwalimu."

Nikakitazama kivuko, pale chini, mwendo wa dakika tatu. Nikamtazama na yeye, na faili lake.

"Miguu hiyo umeazima?"

Uwanja mzima ukaangua kicheko, wengine wakishikana mabega. Akamrudisha bodaboda, akaweka faili kwapani, tukashuka sambamba, yeye kwa miguu yake na mimi kwa ya kwangu.